Kichwa cha Mwaitu Ndunge

Udongo ukiletwa karakanani, ulambeni kwanza. Ndiyo, nimesema ulambeni, na msinitazame hivyo. Chukua kidogo kwa ncha ya kidole, weka kati ya meno ya mbele, usage polepole. Ukisikia kitu kinalia, huo umeongezwa mchanga wa barabarani ili gunia lijae. Ukisikia chumvi, huo umetoka kando ya bwawa la ng'ombe, na chungu chako kitaanza kutoa unga mweupe baada ya kuuzwa, na mteja atarudi kukutafuta na jina lako mdomoni. Na ukisikia hakuna kitu, laini tu, basi hapo ndipo ushuku zaidi, maana hakuna mtu atakayekuuzia udongo mzuri hivyo bila sababu yake.

Mimi ni Kavata. Nimefinyanga tangu nikiwa msichana mpaka vidole vilipokataa kukunjika. Nyinyi vijana wa karakana ya Kwa Vonza mmeniomba niandike kidogo juu ya kazi hii, na hasa juu ya yule Mrusi, kwa sababu mmesikia hadithi zake nyingi. Nyingi ni za uongo. Najua ni za uongo kwa sababu nyingine nilikuwepo zikitengenezwa.

Siku hizi naishi Kambu kwa binti yangu, kando ya barabara kuu. Kuna vibanda pale vinauza vyungu kwa wasafiri wa Mombasa, na wenyewe wanaapa ni kazi ya mkono. Mimi hupita nikivigonga kwa kucha, kimoja kimoja. Chungu cha mkono hulia tofauti upande huu na upande ule, kwa sababu mkono huchoka ukizunguka. Vile vinalia sawasawa pande zote. Nikisema hivyo mbele ya wateja wenye vibanda wananiuliza kama sina wajukuu wa kulea. Ninao, lakini hao pia nawachunga.

Haya, Mrusi. Jina lake lilikuwa Vera. Nyuma yake tulimwita Mrusi, mbele yake tulimwita Madam. Yeye mwenyewe alisema si Mrusi, ni wa Ukraine, lakini karatasi zake zote ziliandikwa Sovieti, na akiwa hapa hapa kwetu, Sovieti yenyewe ikaisha. Alisikia kwa redio akiwa anakanda udongo. Wanawake wa kikundi chetu waliniuliza nchi inaishaje, kwani imekwenda wapi. Mimi pia nilishuku. Mtu anayekwambia nchi yake haipo tena, akikosea utamrudisha wapi?

Aliletwa na mume wake, Mhandisi Mutua, mtoto wa Kwa Vonza, ambaye alikwenda huko kusomea mambo ya maji akarudi na cheti na mke. Mutua akapewa kazi ya mabwawa upande wa Makueni, akawa haonekani nyumbani ila mara moja moja. Mke akabaki kwa boma la mumewe peke yake. Akajenga karakana ya matofali nyuma ya nyumba, akajenga na tanuri lenye dohani, halafu akabandika magazeti kwenye vioo vyote vya madirisha na kufunga mlango kwa kufuli hata akiwa ndani.

Sasa nyinyi niambieni, mngefikiria nini?

Na kabla ya kujenga alikuwa amefanya jambo baya zaidi. Alizunguka akiokota udongo. Leo mtoni, kesho pembeni mwa shamba la mtu, anachimba kwa kijiko, anatia kwa mfuko mdogo, anaandika juu yake kwa maandishi yao. Kitui mnaijua. Mgeni akiinama tu kufunga kamba ya kiatu, watu wanasema ameona madini. Mrusi alichimba kwa kijiko, akaunusa ule udongo, na mbele ya macho yangu akaulamba. Hapo nilishtuka. Sisi wafinyanzi tulidhani kulamba ni siri yetu.

Kikundi chetu cha wafinyanzi kiliongozwa na Mwaitu Ndunge. Mwaitu ni mama kwa lugha yetu. Alikuwa dada mkubwa wa mama yangu, na ndiye aliyenifundisha kazi, kwa hivyo kwangu alikuwa mama tu. Tulikuwa na mahali petu pa kuchimba udongo na hatukupataja kwa mtu. Tulikwenda wanawake watupu. Mwanaume hakanyagi pale, na hakanyagi chumba ambamo udongo unafinyangwa, kwa sababu vyungu vitapasuka motoni. Msicheke. Mchungaji wetu alihubiri kwamba hiyo ni mila ya giza, lakini mke wake alikuwa mfinyanzi, na mchungaji akirudi nyumbani alisimama mbali, akakohoa, akangoja aitwe.

Basi Mrusi alipotangaza anatafuta mtu wa kumtwangia udongo, Mwaitu Ndunge alinituma mimi. Hakuzunguka maneno. Alisema niende nifanye kazi, nile mshahara, na nifungue macho.

Nilifungua macho. Ninachowaambia sasa ndicho nilichoona, na kwa kazi yenu kitawafaa kuliko hadithi. Kwanza, hakutupa kitu. Vigae vya vyungu vilivyovunjika alivisaga, akachanganya na udongo mbichi ili usijikunje ukikauka. Sisi pia tulifanya hivyo, lakini sisi tulitia mchanga wa mto, na nawaambia vigae ni bora. Pili, alifunika kila kitu kwa nguo yenye maji usiku na mchana, kwa sababu jua letu hukausha masikio ya chungu kabla ya tumbo, halafu masikio yanaanguka na unaanza kutafuta mchawi. Tatu, kabla ya kupeleka kitu chochote motoni alikiweka kwenye shavu lake. Ukisikia ubaridi, ndani bado kuna maji. Mwaitu Ndunge ndiye aliyenifundisha habari ya shavu, nikiwa mdogo, akisema ni mambo ya ukoo. Nikamtazama Mrusi na chungu shavuni, nikajiuliza nani kati yetu amemuuzia siri.

Nilimuuliza. Akasema bibi yake. Sikumwamini mwaka mzima.

Kosa langu la kwanza kwake lilikuwa la kiburi. Alinipa nifinyange mtungi mkubwa, nikaufinyanga kitako kinene, kinene kabisa, nikidhani unene ni nguvu. Shavu likaniambia umekauka. Shavu husikia nje tu. Tulipowasha moto nikaongeza kuni haraka haraka ili nirudi nyumbani mapema, na ndani ya tanuri ikasikika sauti kama bunduki. Mtungi wangu ulipasuka na kuua sahani zake zote zilizokuwa rafu ya chini. Udongo mnene huficha maji katikati. Maji yakishikwa na moto yanakuwa mvuke, na mvuke hauombi njia. Kumbukeni hilo, kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana na hilo. Madam hakunigombeza. Alinipa ufagio, na mtu asipokugombeza unabaki ukijiuliza anapanga nini.

Tukiwa tunakanda, pole pole, alianza kuniambia ya kwao. Alisomea uchongaji na ufinyanzi katika chuo cha serikali, kisha akapelekwa kiwanda cha serikali. Asubuhi vikombe, mchana sanamu. Sanamu zilikuwa vichwa vya wakubwa. Kichwa kikiisha, kamati ilikuja kukizunguka na kuuliza kwa nini shavu hili limeshuka. Mkubwa amechoka? Mkubwa hachoki. Basi analirudia shavu. Halafu siku moja mkubwa akaanguka, agizo likaja, na wale wale waliotengeneza vile vichwa wakapewa nyundo wavivunje.

Nilimuuliza kamati ilijuaje mambo ya shavu kabla hata haijafika. Akasema habari zilipelekwa na yule wa meza ya jirani. Kila mtu alikuwa na mtu wake wa meza ya jirani. Ndiyo maana alibandika magazeti, alisema, mikono yake inakataa kazi ikijua inatazamwa. Meza ya jirani ilikuwa yangu. Niliendelea kutwanga udongo wake.

Ripoti zangu Mwaitu Ndunge hakuziamini. Alisema nimeanza kumsifu yule mwanamke, labda nimelishwa kitu. Siku moja akaja mwenyewe na fimbo yake, akaingia karakanani nyuma yangu nilipofunguliwa, bila kubisha, akakaa kwenye kigoda. Madam akamtazama. Akazunguka akamtazama upande, akamtazama nyuma. Halafu akaniambia nimuulize mama kama anakubali kufinyangwa kichwa.

Nilidhani atakataa. Alikuwa mwanakwaya wa kanisa, na sanamu kanisani kwetu ni neno baya. Lakini alikubali haraka mno, na tulipokuwa njiani nilimuuliza sababu. Akasema, atakaaje ndani kila siku akiangalia mikono ya yule mwanamke bila kazi ya kukaa?

Kwa hivyo wiki kadhaa mafundi wawili wa kazi moja walikaa wakitazamana. Mmoja anapima pua ya mwenzake kwa kijiti, mwingine anapima jinsi kijiti kinavyoshikwa. Hawakuongea sana. Mimi katikati natwanga. Na kile kichwa kikaanza kuwa Mwaitu Ndunge. Mpaka ile mikunjo ya kando ya mdomo, ambayo aliipata kwa kukunja mdomo kila mtu anaposema jambo asiloliamini. Nilipokiona siku ya kwanza kikiwa na macho, nilikiamkia.

Sasa sikilizeni mambo ya kichwa. Chungu kina tumbo tupu tangu mwanzo, lakini kichwa Madam alikijenga kikiwa kimejaa, ili kisianguke. Ukikichoma hivyo, ni ule mtungi wangu mara kumi. Kwa hivyo unangoja kianze kukauka, kiwe kigumu kama kipande cha sabuni. Unachukua waya, unakata utosi na kuuondoa kama kifuniko cha sufuria. Unachota udongo wa ndani kwa kijiko mpaka ukuta ubaki na unene wa kidole gumba. Halafu unarudisha kifuniko kwa uji wa udongo, unaziba mshono, na hakuna atakayejua. Nyinyi nimewaeleza, kwa hivyo mnaona kazi. Yule mama aliyekuwa akituletea kuni hakuelezwa. Alichungulia pale gazeti lilipoachana na kioo, akaona Mrusi amemkata Mwaitu Ndunge utosi na anamchota kwa kijiko.

Mwaitu Ndunge hakuwepo siku hiyo. Alikuwa amebaki nyumbani kwa sababu kichwa kilikuwa kinamuuma.

Mnaona vile mambo huungana? Mama wa kuni alipofika sokoni Kwa Vonza, habari ilikuwa Mrusi anamchota mtu ubongo. Ilipofika kwa kikundi chetu, ilikuwa anaula. Jioni Mwaitu Ndunge alikuwa anatetemeka na homa, na kesho yake akaanza kusema maneno yasiyoeleweka na kuniita kwa jina la mama yangu aliyekufa. Wanawake wa kikundi walikaa chini wakaamua. Mwaitu akifa, Mrusi hatakaa Kwa Vonza. Hatauziwa kuni, hatauziwa udongo, na ukoo wa Mutua utaambiwa umtoe. Walinitazama mimi wakati wa kusema hivyo. Nilijua kichwa ni kazi tu, niliona kwa macho yangu kwa nini kinakatwa, na nilieleza. Wakaniambia nimelishwa.

Na mimi, niwaambie ukweli, usiku ule nilishuku. Nilijua habari ya mvuke, lakini nilipofumba macho nilikiona kijiko.

Mwaitu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Musyoka, aliyekuwa na lori la mifugo Mwingi. Habari ilimfikia huko, akaja na lori likiwa limejaa mbuzi wa soko, akaliacha kwa lango la mama yake na kuja mpaka karakanani, na watu nyuma yake. Nilikuwa ndani na Madam, na kichwa kilikuwa juu ya meza, wazi utosi. Musyoka aligonga, Madam akafungua, naye akasimama pale mlangoni. Hakuweza kuingia. Udongo ulikuwa pale, na yeye ni mwanaume, na alikuwa amelelewa na Mwaitu Ndunge. Vidole vya viatu vyake vilikuwa vimefika kizingiti na hapo vikagoma.

Akaniambia kwa Kikamba niende pale mezani nikivunje. Nikamwambia siwezi kuvunja kazi ya mtu. Nikamuuliza kwa nini mama bado yuko nyumbani, kwa nini hajapelekwa hospitali Kitui na gari liko langoni. Akasema nani humpeleka mtu safari na kichwa chake kimeachwa wazi kwa watu? Atakufa barabarani. Kwanza kivunjwe, kifungo cha uchawi kiishe, ndipo aguswe. Hakuwa anafanya fujo. Alikuwa analia, mwanaume aliyezoea kushika mafahali kwa pembe, na alikuwa tayari kungoja pale mlangoni mpaka mama yake afe akimngojea.

Madam aliniuliza wanasema nini. Nikamweleza yote, na jinsi mama anavyoongea ovyo na homa haishuki. Niliona uso wake ukibadilika. Kichwa hakuwa anakitazama tena. Alikwenda mpaka kizingitini, upande wake wa ndani, akasimama mbele ya Musyoka.

"Nikikivunja, utampeleka hospitali?"

"Nitampeleka."

"Leo?"

"Saa hii, Madam."

"Washa gari kwanza," akamwambia. "Nataka kulisikia."

Kwa jambo hilo nilimheshimu. Mtu mwingine angelia, au angehubiri, au angeanza kumweleza habari ya mvuke. Yeye hakumwamini hata kidogo. Musyoka akakimbia. Mbuzi wakashushwa pale pale, wakatawanyika kwa mahindi ya watu, na hakuna aliyewafuata. Mwaitu akatolewa na godoro lake na kupandishwa karibu na dereva, akishikwa na wanawake wawili. Lori likanguruma. Madam akanituma nikahakikishe kwa macho kwamba mgonjwa yumo. Nikaenda, nikapanda, nikamshika mguu. Ulikuwa wa moto. Nikarudi nikasema yumo.

Hakutumia nyundo. Udongo ukiwa hivyo hauvunjiki, unabonyea. Aliweka viganja vyote viwili kwenye ule uso akausukuma mpaka pua ikaingia ndani. Watu wa mlangoni walipiga kelele. Akakikata vipande kwa waya, akatia kipande kimoja kimoja kwa pipa la maji, bila haraka, ili wote waone. Alipomaliza alitugeuzia mgongo.

"Kule kwetu nimevunja vingi," akasema. "Hiki ndicho cha kwanza nilichokipenda."

Lori lilikuwa limeshaondoka. Watu nao wakaondoka mmoja mmoja. Mimi nilibaki, na mnajua nilifanya nini? Nilianza kufunua vile vitambaa vyenye maji. Nilitazama nyuma ya magunia, nikatazama ndani ya tanuri. Mtu anayekubali haraka kuvunja kazi ya wiki nyingi, nilijiambia, huyo ameficha kingine. Labda alipiga chapa ya plasta, atoe kichwa kingine kama kile. Nilipogeuka, alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Mwaitu, ananiangalia.

"Tazama pia chini ya meza," akaniambia.

Nilitazama. Hakukuwa na kitu. Nikaona aibu, nikachukua ufagio bila kupewa.

Hospitali walisema malaria imepanda kichwani. Hayo ndiyo maneno yenyewe, na Musyoka aliyarudia kila mahali, ati hata daktari amesema ni kichwa. Walisema pia angecheleweshwa zaidi angekufa. Hayo hakuyarudia sana.

Mwaitu Ndunge akapona, na hapo ndipo mambo yakawa mabaya kabisa. Nyinyi mngedhani mtu akipona, kesi imekwisha. Haikuisha. Kichwa kimevunjwa, mgonjwa amepona: mnataka ushahidi gani mwingine? Hata wale waliokuwa na shaka kidogo sasa waliamini. Mama wa kuni akaacha kuja. Wake za shemeji zake Madam wakaacha kumsalimu kisimani. Mutua alirudi kutoka Makueni, akakaa na wazee wa ukoo, nao wakamwambia amtoe mke. Madam aliniambia nisije tena kazini, kwa faida yangu. Alianza kupanga vifaa vyake kwa sanduku. Hakusema anakwenda wapi, na mimi sikumuuliza, kwa sababu sote tulijua nchi yake ilisikika kwa redio ikiisha.

Nilikwenda kwa Mwaitu Ndunge nikiwa nimekasirika. Alikuwa ameota jua uani, amekonda, na Musyoka anamlisha uji. Nikamweleza yote. Hakuwa ameambiwa hata nusu. Hakujua kwamba alikaa nyumbani anaungua huku watu wakijadili sanamu. Alisukuma kikombe cha uji, akamtazama mtoto wake muda mrefu, na ule mdomo ukajikunja.

"Nilikaa kwa kigoda wiki zote hizo mpaka kiuno kikauma," akasema, "nikaondoka kidogo tu, ukavunja kichwa changu?"

Musyoka akasema alifanya kwa sababu anampenda. Mwaitu akamwambia apende lori.

Siku iliyofuata alishika fimbo yake na kuwapitia wanawake wa kikundi nyumba kwa nyumba. Hakuwabembeleza. Aliwaambia wamshuku Mrusi wanavyotaka, hata yeye anamshuku, lakini washuku wakiwa wamekaa ndani wanaona, si kwa kuchungulia. Wakamfuata. Tulifika kwa Madam wakati sanduku limefungwa tayari. Mwaitu akakaa kwenye kigoda chake, akapanga kanga yake magotini.

"Anza tena," akasema. "Na hayo magazeti yatoke."

Jambo la kichwa Madam alilikubali upesi. Jambo la magazeti lilimshinda. Aliyagusa akaacha. Akasema atafungua mlango, basi mlango utoshe. Mwaitu akasema hapana. Mwishowe mimi ndiye niliyeyachana, moja moja, naye amesimama amejikumbatia, na mwanga ukaingia mpaka kona zote, na ndani ya zile kona hakukuwa na kitu ila vumbi na mifuko ya udongo. Wanawake waliikagua yote. Mmoja aliulamba wa mfuko mmoja akatema, akasema huu ni wa bwawa la ng'ombe, nani amemuuzia mgeni wa watu takataka hii.

Udongo wa kichwa cha pili ulikuwa ule ule wa kwanza. Usipochomwa hauharibiki, unaloweka tu na kukanda upya. Alifanya kazi siku zote hizo wanawake wamejaa ndani, wanasuka vyondo, wanasema pua imezidi, wanasema sikio limekosea. Kamati, aliniambia kwa sauti ya chini. Lakini alifanya.

Siku ya kukata ilipofika hakuna aliyebaki nyumbani. Ndani tulibanana, na Musyoka alikuwa ameletwa na mama yake asimame nje ya dirisha lililo wazi, maana ndani hawezi kuingia. Madam akachukua waya, akaupitisha, akainua utosi wa Mwaitu Ndunge na kuuweka mezani juu ya kitambaa. Alichota kijiko cha kwanza, cha pili, akaendelea mpaka ukuta ukabaki na unene wa kidole gumba, akasema sasa inatosha.

Mwaitu Ndunge akainuka. Akatia mkono wake ndani ya kichwa chake mwenyewe mpaka kifundoni, akafumba macho, akapapasa ukuta vile alivyonifundisha kupapasa chungu, polepole, kutoka masikioni kuja mbele. Alifika kwenye paji la uso akasimama.

"Hapa bado ni nene," akasema.

Madam akasema si nene. Mwaitu akasema ni nene, itapasuka. Wakabishana pale, mmoja na waya mkononi, mwingine na mkono ndani ya kichwa, na mpaka leo sijui nani alisema kweli. Mwishowe Mwaitu akanyoosha ule mkono mwingine.

"Lete kijiko, nitatoa mwenyewe," akasema. "Na wewe Musyoka, sogea hapo dirishani usikie nikijikwangua."

Musyoka akasogea.